Sauti ya mmoja, sura ya mwingine: albamu ya kwanza ya Black Box na binti wa Kinshasa aliyeimba bila kuonekana

MAKOBOLA, Kivu Kusini – Ukitoka Uvira kuelekea Baraka kwa barabara ya taifa namba 5, Ziwa Tanganyika linabaki upande wa kushoto na milima upande wa kulia. Hapo katikati ndipo Makobola. Redioni jina hilo limezoea kusikika kwa habari za vita. Kwa wakaaji wenyewe ni pia mahali pa ndagala, pa pikipiki zinazosimama kupakia abiria, na pa vibanda vya kuchaji simu kwa nguvu ya jua.

Katika vibanda vya namna hiyo, vilivyojaa pwani yote ya kaskazini ya ziwa, mtu anaacha simu yake, analipa franka chache, na akitaka anawekewa nyimbo kwenye kadi ya memori. Zinaingia nyimbo za korali, rumba ya Kinshasa, bongo fleva ya ng'ambo ya ziwa, na mara nyingine ngoma za zamani za Wazungu, zile za mashine na piano ambazo watu wazima wanazikumbuka kwa harusi na bwati za ujana wao. Nyimbo zinafika na majina kama “Track 04” au “Audio 0017”. Nani ameimba? Bafle likishalia, swali hilo haliulizwi.

Swali hilo liliwahi kuulizwa mahakamani, na lilianzia kwenye ngoma za namna hiyo hiyo. Lilihusu albamu ya kwanza ya kundi la Italia lililoitwa Black Box. Na wakati ule ule, kundi jingine la Ulaya lilikuwa limefanya jambo linalofanana kwa kutumia mabinti wawili wa Kongo: mmoja akatoa sauti, mwingine akatoa sura.

Black Box walikuwa wanaume watatu. Daniele Davoli alikuwa dijei wa bwati, Mirko Limoni alikuwa mtu wa kinanda na studio, na Valerio Semplici alikuwa mwalimu wa klarineti. Hakuna kati yao aliyekuwa mwimbaji. Muziki waliofanya ni ule ambao Wazungu wenyewe waliuita hausi ya Kiitalia: mdundo wa mashine usiobadilika, piano inayopigwa kwa nguvu, na juu yake sauti kubwa ya mwanamke, sauti ya kanisani hasa, inayopanda mpaka watu wanainua mikono.

Sauti hiyo waliipata wapi? Mwaka 1989 walitoa wimbo “Ride on Time”. Kwa kutumia mashine inayochukua kipande cha sauti kutoka sahani ya zamani na kukirudia kila mchezaji anapobonyeza kidole, walikata vipande vya wimbo wa mwaka 1980, “Love Sensation”, ulioimbwa na Loleatta Holloway, mwanamke wa Chicago aliyekulia katika nyimbo za kanisa. Watu hao wa Italia hata Kiingereza hawakukisikia vizuri: jina la wimbo wao lilitokana na maneno ya Holloway waliyoyasikia vibaya. Lakini ngoma iliwaka. Huko Uingereza ilikaa nafasi ya kwanza kwa wiki sita, na ikawa wimbo uliouzwa kuliko nyingine zote kwa mwaka ule.

Holloway alikuwa Marekani, akisikia sauti yake mwenyewe ikitajirisha watu ambao hawakumwomba ruhusa. Alikasirika, mawakili wakaingia, na mwishowe akalipwa. Katikati ya mzozo huo Wataliano walirudi studio na kurekodi toleo jingine la wimbo ule ule, safari hii kwa sauti ya mwimbaji Mwingereza, Heather Small, ambaye baadaye alijulikana na kundi la M People. Naye jina lake halikuandikwa.

Mbele ya kamera hakusimama Holloway wala Small. Alisimama Katrin Quinol, mwanamitindo Mfaransa mwenye asili ya Guadeloupe, mrefu, mwembamba, aliyevaa vizuri. Kwa televisheni alifungua mdomo na kufunga kufuatana na wimbo. Hapa kwetu kila mtu anaijua pleibaki: mwanamuziki anapanda jukwaani, kaseti inaimba, yeye anachezesha midomo. Ila katika pleibaki ya kawaida kaseti ni yake.

Mwaka 1990 ikatoka albamu yenyewe, “Dreamland”. Ndiyo ilikuwa ya kwanza ya Black Box. Humo mna “Everybody Everybody”, “Strike It Up”, “I Don't Know Anybody Else”, na “Fantasy”, wimbo wa zamani wa Earth, Wind & Fire walioutengeneza upya. Nyimbo sita za albamu hiyo, na nne zilizotajwa hapa zimo, zinaimbwa na mwanamke mmoja. Ukiangalia picha kwenye ganda utasema ni Katrin. Ukiangalia majina yaliyochapwa hutamkuta mwimbaji mwenyewe.

Mwimbaji huyo alikuwa Martha Wash, mzaliwa wa San Francisco. Hakuwa mgeni wa kazi. Miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa wanawake wawili walioimba nyuma ya Sylvester, nyota wa disko, na mwaka 1982 yeye na mwenzake Izora Armstead, chini ya jina la The Weather Girls, walitoa “It's Raining Men”, wimbo ambao mpaka leo unapigwa kwenye sherehe pande zote za dunia. Sauti yake ilikuwa imara kama kengele ya parokia. Mwili wake ulikuwa mkubwa, na kwa macho ya wauza muziki wa wakati ule hiyo ilikuwa kasoro.

Yeye mwenyewe ameeleza kwamba aliitwa studio kuimba nyimbo za majaribio, zile zinazorekodiwa ili mwimbaji mwingine azisikilize na kuzijifunza, akalipwa malipo ya siku. Kisha akazisikia redioni. Mara mbili “Dreamland” ilifika kumi bora ya Marekani, kwa “Everybody Everybody” na kwa “Strike It Up”, na mara zote mbili video ilimwonyesha mtu mwingine akiimba kwa koo la Martha Wash.

Hapo ndipo palipo na fedha, na msomaji asiyejua biashara ya muziki anafaa kuelezwa polepole. Anayeimba kwa malipo ya siku anapewa pesa mara moja, anarudi nyumbani. Sahani ikiuzwa mia au milioni, kwake ni sawa. Anayeandikwa kama msanii wa albamu anapata sehemu kwa kila sahani inayouzwa, anaalikwa kwenye maonyesho, na kampuni nyingine inaweza kumtafuta kwa sababu inajua jina lake. Kwa hiyo jina kwenye ganda si heshima tu. Ni anwani ambayo pesa zinaifuata. Ukiliondoa jina, pesa zinakwenda kwa aliyeonekana au, mara nyingi zaidi, kwa aliyemlipa huyo aliyeonekana.

Wash alienda mahakamani dhidi ya RCA, kampuni iliyouza albamu hiyo Marekani. Kesi haikufika hukumu. Walipatana, akalipwa, na kampuni ikampa mkataba wa kurekodi kwa jina lake. Albamu yake mwenyewe, yenye jina “Martha Wash”, ilitoka mwaka 1993. Kabla jasho halijakauka alikuwa na kesi nyingine, kwa sababu kundi la Marekani, C+C Music Factory, lilikuwa limetumia sauti yake mwaka 1990 katika “Gonna Make You Sweat” na kumweka kwenye video Zelma Davis, mzaliwa wa Liberia. Kesi hiyo nayo iliishia kwa mapatano, mwaka 1994. Sony ilitakiwa kuiomba MTV iandike kwenye video nani ameimba na nani anaonekana.

Mwaka huo wa 1990 ulikuwa mbaya kwa pleibaki. Mwezi wa Novemba vijana wawili wa Milli Vanilli walinyang'anywa tuzo ya Grammy baada ya kujulikana kwamba hawakuimba hata wimbo mmoja wa albamu iliyowapa tuzo. Aliyewatengeneza alikuwa Mjerumani Frank Farian. Wazee wa Uvira na Bujumbura waliocheza Boney M miaka ya 1970 wanaweza kushangaa kusikia kwamba ni mtu huyo huyo: sauti nzito ya kiume katika Boney M ilikuwa yake Farian, na Bobby Farrell, yule mcheza dansi wa Aruba aliyerukaruka jukwaani, kwenye sahani hakuimba. Kwa hiyo Wataliano hawakuvumbua ujanja huo. Waliukuta umezoeleka.

Turudi sasa kwa Wakongomani.

Katika miezi ile ile ya mwaka 1989 “Ride on Time” ilipokuwa juu Uingereza, wimbo mwingine ulikuwa unapanda: “Pump Up the Jam” wa kundi la Technotronic kutoka Ubelgiji. Ulifika nafasi ya pili Uingereza, na mwanzoni mwa 1990 ukafika nafasi ya pili Marekani. Kwa muziki wa bwati za Ulaya, kufika huko Marekani lilikuwa jambo ambalo halikuzoeleka.

Nyuma ya Technotronic alikuwa mtayarishaji Mbelgiji, Jo Bogaert. Alikuwa na mdundo, akahitaji maneno na sauti. Alivipata kwa msichana wa Kinshasa aliyekuwa akirapu huko Ubelgiji: Manuela Kamosi, anayejulikana kwa jina la Ya Kid K. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1972, nchi ikiitwa Zaire, na alipelekwa Ubelgiji akiwa na miaka 11. Wimbo huo ulipotoka alikuwa na miaka 17. Sauti ile kavu, yenye kiburi kidogo, inayoamuru watu wacheze, ni yake, na maneno aliyaandika pamoja na Bogaert.

Lakini sahani ilitoka ikisema “Technotronic featuring Felly”. Felly alikuwa mwanamitindo, naye mwenye asili ya Kongo. Ni yeye aliye kwenye ganda, na ni yeye anayechezesha midomo katika video iliyozunguka dunia, rangi za nguo na rangi za nyuma yake zikipiga macho. Watu wa nchi nyingi walioona Mwafrika akiwaongoza kucheza waliamini kwamba huyo ndiye mwenye sauti.

Ukiweka hadithi hizi mbili pamoja utaona tofauti moja. Kwa Black Box, mwili mkubwa ulifichwa nyuma ya mwili mwembamba. Kwa Technotronic, binti wa Kongo alifichwa nyuma ya binti mwingine wa Kongo, na hilo linachoma zaidi kwa sisi wa nchi hii. Hakuna haja ya kumtupia Felly lawama, wala Katrin. Waliitwa kwa kazi ya sura, kazi yao ni hiyo, na hawakuwa wao walioamua majina gani yachapwe. Aliyeamua alikuwa upande wa meza wenye mkataba.

Ya Kid K hakukaa gizani muda mrefu kama Wash. Wimbo uliofuata katika albamu ile ya kwanza ya Technotronic, “Get Up! (Before the Night Is Over)”, ulitoka ukiwa na jina lake, na katika video anaonekana mwenyewe. Nao ulifika nafasi ya pili Uingereza na ya saba Marekani. Mwaka huo huo sauti yake iliingia katika filamu ya “Teenage Mutant Ninja Turtles” kwa wimbo “Spin That Wheel”. Mwaka 1992 “Move This”, wimbo mwingine wa albamu ile ile, uliingia kumi bora ya Marekani baada ya kutumiwa katika tangazo la vipodozi. Kijana wa Kinshasa alikuwa amerap katika nyimbo tatu za kumi bora za Marekani, na katika Kongo yenyewe jina lake halitajwi hata robo ya yanavyotajwa majina ya wanamuziki wa rumba wa umri wake. Huenda ni kwa sababu hakuimba Lingala. Huenda pia ni kwa sababu alipopita mara ya kwanza alipita na uso wa mtu mwingine.

Kwa mwimbaji wa Makobola, wa Swima au wa Mboko, mambo ya RCA na Sony yanaweza kuonekana ya mbali. Hayako mbali hivyo. Korali ya kijiji inarekodi kwa simu Jumapili. Kufika Jumatano sauti iko kwenye vibanda vya Uvira. Baada ya wiki iko kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ambako wakimbizi wa Fizi na Uvira wamekaa tangu 1996, na kutoka huko inafuata jamaa waliopelekwa Marekani. Inapita kwa WhatsApp bila jina la korali, bila jina la mtunzi, bila jina la dada aliyeongoza. Halafu mtu asiyejulikana anaipandisha YouTube kwa chaneli yake, anaweka picha ya machweo au ya msichana aliyetolewa kwenye intaneti, na matangazo yakianza kulipa yanamlipa yeye.

Hapo hakuna Mtaliano wala Mbelgiji. Kuna jirani.

Hata studio ndogo za mjini zina desturi zake. Kijana analeta pesa kidogo, mtayarishaji anatoa mdundo, anaitwa dada mwenye sauti nzuri kuimba kiitikio. Dada anapewa nauli ya pikipiki na soda. Wimbo ukitoka, jina lililoandikwa ni la kijana na la studio. Na muziki wetu una ajabu nyingine: mabanga. Tajiri analipa, jina lake linaimbwa mara tano ndani ya wimbo mmoja, na mwanamke anayelishikilia lile jina kwa sauti yake hatajwi hata mara moja.

Sheria ipo. Tangu tarehe 5 Aprili 1986 Kongo ina sheria namba 86-033 inayolinda haki za watunzi pamoja na haki jirani, yaani zile za watu wasiotunga wimbo lakini wanaoupa uhai, waimbaji na wapigaji vyombo wakiwemo. Shirika la kukusanya malipo lilikuwa SONECA, lililoanzishwa mwaka 1969. Tangu 2011 kazi hiyo iko kwa SOCODA, yenye makao Kinshasa. Kutoka Makobola kwenda Kinshasa hakuna barabara ya moja kwa moja, na tikiti ya ndege ina bei kuliko mapato ya korali kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kwa mtu wa ziwani sheria hiyo ni kama mtumbwi ulio ng'ambo.

Kinachowezekana hapa hapa ni kidogo, lakini ndicho kilichokosekana kwa Wash siku ile ya studio: karatasi. Kabla ya kuimba, waliopo waandike tarehe, jina la wimbo, nani ametunga, nani ameimba sehemu gani, amelipwa kiasi gani na kwa matumizi gani, halafu watie sahihi. Daftari la shule linatosha. Rekodi ya kwanza ibaki kwa wenyewe kabla ya kugawa nakala, kwa kuwa YouTube ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya mwenye wimbo, na mwenye rekodi ya kwanza yenye tarehe ana la kuonyesha. Korali nyingine zimezoea kutaja jina lao na kijiji chao kwa mdomo mwanzoni mwa wimbo, kabla ya kinanda kuanza. Wengine wanaliona jambo hilo ni la kizamani. Lakini jina lililotamkwa ndani ya sauti halifutiki kirahisi kama lile lililoandikwa kwenye faili.

Na kijana wa kibanda naye ana nafasi yake. “Audio 0017” inabadilishwa jina kwa nusu dakika, mteja akijua la kumwambia. Kwa wimbo wa Technotronic, jina la kuandika ni Ya Kid K, wa Kinshasa. Kwa zile nyimbo sita za “Dreamland” ni Martha Wash.